Ukuta Usiohitaji Mkono wa Mwanamke

Alikuwa na tabia ya kuonja udongo. Nianzie hapo, maana wapo wanaoanza habari za mtu kwa kuzaliwa kwake na ukoo wake, nami hayo sikumwuliza kamwe. Hata ningemwuliza, angenigeuzia swali: udongo wa kwenu ni mwekundu au mweusi? Ukimkuta ameinama kando ya njia ya Kanduyi, usidhani ameangusha kitu. Huchota udongo kwa ncha ya kidole, huuweka ulimini, hufumba macho, halafu hutema na kutoa hukumu. "Huu ni mvivu." Au, "Huu una hasira, utapasuka." Aliwahi kufanya hivyo mchungaji akiwa katikati ya maombi ya kuweka jiwe la msingi la kanisa. Akaonja, akatema, akatikisa kichwa. Mchungaji akakatiza maombi, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kwani haufai?"

Tulimwita Mzee wa Tanuri, hata alipokuwa bado hana mvi. Alikuwa na tanuri la matofali karibu na kijito, nyuma ya Kanduyi, na maduka mengi ya Bungoma ya siku zile, pamoja na madarasa kadhaa mpaka Kimilili, yalisimama kwa matofali yake. Mtu mfupi, mabega mapana, koti moja la kaki la mvua na jua. Alicheka kwa nadra, lakini akianza hakujua pa kuishia.

Mimi nilikuwa mchoraji. Tafadhalini, msicheke mapema, sababu za kucheka zinakuja. Nilikaa Kitale nikiandika majina ya maduka, na juu ya kila jina nikachora picha: cherehani kwa fundi wa nguo, kiatu kwa mshona viatu, ng'ombe kwa bucha. Ng'ombe wangu wa bucha alisifiwa na Mzungu mmoja mwenye shamba la mahindi. Alisimama akamtazama kwa muda mrefu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha shamba kwamba hajaona mbwa mzuri kama huyu tangu atoke kwao. Nikamshukuru. Ningefanya nini?

Ni huyo ng'ombe aliyetukutanisha. Siku moja mtu asiyejulikana kwangu aliingia mahali nilipofanyia kazi, amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi, jinsi watu wanavyobeba mtoto mchanga. Akakiweka mezani, akakifungua. Tofali.

"Nimeona ng'ombe wako," akasema.

Nikangoja kicheko.

"Ni ng'ombe, si ndio?"

"Ni ng'ombe, Mzee."

"Haya. Ng'ombe atarekebishwa. Mimi nimependa kitu kimoja: hukuogopa."

Halafu akanieleza shida yake. Watu wetu, akasema, wakipata visenti kidogo wanakimbia nyumba za udongo kama nyumba zenye ndui. Wanataka mabati, wanataka saruji, wanataka ukuta unaofanana na wa Mhindi. Na yeye anawauzia tofali la kuchoma, lakini moyoni analiona tofali la kuchoma ni udongo ulioogopeshwa kwa moto. Alitaka udongo usiochomwa, unaokaa kwenye mvua bila kulia, wenye sura nzuri, hata mwalimu wa shule au karani ajivunie kukaa ndani yake. "Nataka udongo usioona haya," akasema. "Nguvu yake nitaitafuta mimi. Sura yake utaitafuta wewe."

Lo! Kichwa changu kilivimba hadi kofia ikakataa kuingia. Miaka yote nilichora viatu na cherehani, na leo mtu mwenye tanuri zima ananiita mshirika. Jumamosi iliyofuata nilipanda baiskeli, nikateremka kupitia Kimilili mpaka Bungoma, na tangu hapo zikawa ndizo Jumamosi zangu.

Lakini ili mumjue, inabidi niseme mapema jambo moja alilolitaka kuliko yote, hata likamfanya kichekesho cha lokesheni nzima, eneo lote la chifu. Alitaka mkewe alale katika nyumba aliyomjengea. Basi, ni hilo tu. Nyumba ilikuwepo. Ilikuwa na madirisha yenye vioo, mlango wa mbao za Mlima Elgon, na vigae nilivyovinakshi mimi mbele. Watu walitoka mbali kuja kuitazama. Na kila jioni Mzee wa Tanuri alifunga mlango wa nyumba ile kwa ufunguo, akatia ufunguo mfukoni, akavuka ua akaenda kulala na mkewe kwenye kibanda cha zamani cha nyasi. Miaka ilipita hivyo. Nitaeleza kwa nini.

Mkewe alikuwa mfinyanzi. Mimi nilimwita Mayi, kama Wabukusu tunavyowaita mama zetu. Vyungu vyake viliuzwa sokoni Bungoma kabla havijapoa, na nyumba yake ya zamani ndiyo iliyopakwa vizuri kuliko zote upande ule: kila mwaka mvua zikiisha aliikandika upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akachora kwa vidole mistari ya mawimbi kuanzia mlangoni kuzunguka mpaka nyuma. Mimi mchoraji wa mjini, mwenye brashi za kununua, nilipita mbele ya mistari ile Jumamosi baada ya Jumamosi nikiona ni mapambo ya wanawake tu. Ndivyo nilivyokuwa na akili.

Sasa majaribio yetu. Mzee hakuamini kwamba kuna kitu duniani kisichoweza kuchanganywa na udongo. Tulianza na kichuguu, maana alisema mchwa ni fundi asiyelipwa. Kichuguu kilikuwa kizuri, ila mchwa wenyewe hawakuambiwa kwamba wamehamishwa, wakarudi. Tukajaribu majivu. Tukajaribu utomvu wa mkonge, ukatuwasha mpaka tukawa tunasalimiana huku tunajikuna. Kisha Mzee akapata maji ya sukari guru kutoka kwa Mhindi mmoja mwenye kinu cha miwa, akasema sukari inashika kila kitu, si inashika hata mikono ya watoto? Tukapiga matofali ya sukari guru, tukajenga ukuta mdogo wa majaribio karibu na tanuri, nami nikaunakshi kwa ustadi wangu wote. Ukawa mgumu, haki ya Mungu. Mzee akaugonga kwa nyundo, ukalia kama chungu.

Asubuhi tulikuta mbuzi wa kijiji kizima wamepiga foleni. Walikuwa wameulamba ukuta mpaka ukawa mwembamba katikati kama kiuno cha nyigu, na nakshi zangu zote zimekwenda. Beberu mmoja mzee alikuwa bado anaendelea, amefumba macho. Mzee akamtazama, akaanza kucheka, akakaa chini, akalala chali. "Mchoraji," akasema akipata pumzi, "angalau kuna mmoja ameipenda kazi yako mpaka akaimaliza."

Yale ya machicha ya busaa yalikuwa mabaya zaidi. Kanisa letu halikuruhusu pombe hata kuinusa, na Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa. Lakini alikuwa amesikia kwamba machicha yakioza yanafanya udongo ushikamane, akayachukua kwa jirani asiyeokoka, mchana kweupe. Ukuta ule ulinuka wiki nzima kama kilabu. Kuku wa Mayi waliokuwa wanadonoa udongo walianza kutembea upande upande. Wazee wa kanisa wakaja, watatu, wamevaa tai, kuuliza. Mzee akawaambia hakuna pombe, ni ukuta. Wakamwambia wamewahi kusikia visingizio vingi, lakini cha ukuta hawajawahi. Ilibidi mmoja wao apige magoti na kuunusa. Aliunusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mimi nasema hivyo na sirudi nyuma.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na korongo. Niliamua kwamba vigae vyetu vya mbele ya nyumba viwe na korongo mwenye taji kichwani, yule anayetembea mashambani kwa madaha kama afisa. Nilichonga kalibu ya ubao, Mzee akakandamiza udongo ndani yake, akakausha, akachoma vichache kwa kunihurumia. Nikavipeleka sokoni. Mwenye hoteli mmoja wa Bungoma akavitazama, uso ukang'aa.

"Bana, hawa kuku ni safi! Nipe wote."

"Ni korongo," nikasema.

"Ati?"

Mzee akanikanyaga mguu. "Ni kuku," akasema. "Kuku wa kienyeji."

Vigae vikabandikwa mbele ya hoteli, na kwa kuwa kwetu hakuna ndege anayependwa mezani kuliko kuku, hoteli ikajaa. Oda zikaja kutoka Kimilili: wanataka wale kuku. Tangu siku ile Mzee hakuniuliza habari za kazi; aliniuliza, "Kuku hawajambo?" Nilinuna mwezi mzima. Pesa nilipokea hata hivyo.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Alitukana moto, naye aliishi kwa moto. Ukimwuliza mbona anachoma, alijibu kwamba wateja ndio wavivu wa kufikiri. Alikuwa mchoyo wa kuni hata kipande kimoja kikipotea alikitafuta kutwa, lakini chai yake ilikuwa ya kila anayepita, na maziwa yakiwa machache alijinyima yeye. Na kulikuwa na ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengine huisema kwa kuonya. Yeye alikuwa anaipenda kwa sababu nyingine. "Acheni nyufa!" aliwaambia watu sokoni. "Mkiziba nyufa zote mimi nitakula nini? Mimi ndiye wa kujenga ukuta!" Watu walicheka naye. Baadaye waliichukua methali ileile wakamrudishia, na hapo hakucheka.

Basi tufike kwenye nyumba. Kabla vita vya pili vya dunia havijaanza alipata mchanganyiko uliomridhisha: kichuguu kilichotwangwa, mchanga wa kijito, nyasi zilizokatwa fupi, na mambo mengine ambayo hakuniambia. Ukiloweka tofali lake kwenye ndoo, asubuhi unalikuta bado ni tofali. Akajenga. Mimi nikatia nakshi na kuku, samahani, korongo. Na siku ya kuifungua akaalika watu: chifu, mchungaji, wenye maduka, hata Bwana mmoja wa serikali aliyeshughulika na majumba. Akanituma niandike ubao mkubwa wa kuweka juu ya mlango. Maneno yalikuwa yake, herufi zilikuwa zangu, na ninyi mnajua herufi zangu hazina kasoro, kasoro zangu ziko kwenye wanyama. Niliandika kwa rangi nyekundu: UKUTA USIOHITAJI MKONO WA MWANAMKE.

Akapanda juu ya rundo la matofali, akahutubu. "Nyumba za mama zetu zinapakwa kila mwaka. Kila mwaka! Mwanamke anachota maji, anabeba udongo, anavunjika mgongo, mvua inakuja inalamba, anaanza tena. Ukuta huu umekataa hiyo kazi! Ukuta huu hauhitaji mkono wa mwanamke!" Tukapiga makofi, wanaume wote, mimi kwa nguvu kuliko wote. Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe makofi yale. Kwetu mwanamume husimamisha nguzo na kuezeka, na mwanamke ndiye anayekandika. Mwanamume hatii mkono kwenye udongo wa ukuta. Akionekana anapaka, watu huuliza kama mkewe amekufa au amemkimbia. Kwa hiyo wanaume tuliokuwa pale tulijiona tumevumbua jambo kubwa: nyumba ya udongo ambayo mwanamume anaweza kuimaliza mwenyewe bila kuona haya. Wala hakuna aliyegeuka kuwatazama wanawake waliokuwa wakipakua chakula.

Mayi akanikaribia na bakuli la nyama. "Mwanangu, ati pale juu imeandikwa nini?"

Nikamsomea, neno kwa neno, nikimwonyesha kwa kidole. Nilikuwa najivunia ile herufi ya K.

"Haya," akasema. "Nimesikia." Akaenda kuwapakulia wengine.

Wageni walipoondoka, Mzee akachukua ufunguo, akamshika mkewe mkono mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa pale nakusanya brashi zangu, sikuwa najificha. Mayi akasimama kwenye kizingiti, hakuvuka.

"Baba watoto, hii nyumba ni mzuri sana," akasema. "Lakini haina mkono wangu, na umesema mbele ya watu haiutaki. Mimi nitarara aje kwa nyumba isiyonitaka?"

"Mama watoto! Hayo ni maneno ya kuusifu ukuta tu. Ni wewe nilitaka upumzike."

"Na mimi nimeyasikia. Sina hasira. Ukuta ukipita mvua ndefu bila mkono wa mtu, nitaingia, na nitakuomba msamaha hapahapa mbele ya watu wale wale. Lakini ukihitaji mkono, utakuwa mkono wako. Wangu umesema hautakiwi."

Akavuka ua akaenda kuwasha moto kwake. Nyumba kwetu ni ya mwanamke. Yeye ndiye hupanga mafiga na kuwasha moto wa kwanza, na mwanamume hana pa kulala isipokuwa kwa mkewe. Mzee akasimama na ufunguo wake. Hakuwa na njia ya kuingia hata yeye, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Mvua za mwaka ule zilikuja kutoka upande wa mlima, zikaupiga ukuta wa magharibi kama zimetumwa. Ukuta haukuanguka, nawaambia kweli. Lakini chini, karibu na ardhi, uliumuka na kubanduka vipande vipande, na nyufa zikapanda. Kupakwa tu kungetosha. Mwanamke yeyote wa kijiji angemaliza kazi ile kwa siku mbili. Mzee alitazama, akasema mchanganyiko ulikuwa na kasoro ndogo, mwaka ujao mtaona.

Mwaka uliofuata akaupaka lami aliyoipata kwa watu wa barabara, kwa brashi yenye mpini mrefu, maana brashi si mkono, akasema. Jua likawaka, lami ikalainika, na jogoo mmoja akanasa, akabanduliwa pale akiwa ameacha mkia. Mwaka mwingine ikawa mafuta ya injini. Mwingine nikashauri rangi yangu ya mabango. Ikashuka ukutani na mvua mpaka kijito kikawa cha buluu. Vita vikaanza, vijana wakaenda, vita vikaisha, waliobaki wakarudi kutoka Burma, na bado Mzee alikuwa anatafuta kitu cha kuupaka ukuta ambacho hakikuwa mkono wake. Watu wakipita walimwita, "Mzee, usipoziba ufa!"

Msidhani walikuwa na ugomvi, wale wawili. Hilo ndilo lililonishangaza. Mayi alimpelekea uji tanurini kila asubuhi, akakaa naye mpaka amalize. Alimcheka kwa upole. Akiwa na chungu kinachokausha vibaya alimwita, "Baba watoto, njoo uonje udongo huu," naye huja mbio. Jioni wakiwa wanavuka ua, yeye mbele na Mzee nyuma na ufunguo, niliwahi kumsikia Mayi akisema, "Pole, nyumba yako itarara peke yake tena." Mzee akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Mara moja tu aliniambia wazi. Tulikuwa tumekaa karibu na tanuri linapoa. "Mchoraji, watu wanadhani ninataka kushinda," akasema. "Mimi nataka yule mama alale mahali ambapo mvua haimpati. Basi."

Nikamwambia, kwa hekima yangu, tujaribu saruji kidogo.

Baadaye kazi ilinibana Kitale, macho yangu yakaanza kudhoofika, na baiskeli ikawa inapandisha mlima kwa shida kuliko zamani, au mlima ndio uliongezeka. Sikwenda Kanduyi kwa muda mrefu. Kisha mtu wa soko akaniletea habari: Mayi ameshikwa na baridi yabisi, vidole vimevimba, hafinyangi tena. Nikapanda lori la mahindi mpaka Kimilili, na lingine mpaka Bungoma, nikatembea kilichobaki. Mvua ndefu zilikuwa zimeisha hivi karibuni, njia ina utelezi, nikaanguka mara nyingi kuliko inavyofaa kusimulia.

Nilipofika uani nilimwona mtu mzee ameinama kwenye ukuta wa magharibi wa ile nyumba nzuri, amevua koti, mikono yake yote miwili imezama mpaka viwiko katika udongo na mavi ya ng'ombe. Anapaka. Kwa viganja. Akichota, anatupa ukutani, anasambaza. Mayi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga blanketi, mikono mapajani, macho hayabanduki kwa mumewe.

"Umeruka hapo, karibu na dirisha," akasema Mayi.

"Nimeona."

"Hujaona. Rudi."

Wanawake wawili waliobeba kuni walisimama njiani. Mmoja akashika mdomo. "Mzee! Kwani mama ametutoka?"

"Niko!" Mayi akaitikia kutoka kwenye kigoda, kwa sauti yake yote. "Nimepata fundi tu!"

Mimi nilikuwa nimesimama na tope langu. Mzee akageuka. Alikuwa amezeeka, mabega yale mapana yameshuka, na tope likiwa limempata hadi ndevuni. "Mchoraji. Usisimame kama nguzo ya simu. Vua koti."

"Mzee, wake za wanao wako wapi?"

"Walikuja, nikawarudisha. Neno nililisema mimi." Akachota tena. "Tangu mwaka jana hajaweza kupaka ile nyumba yake. Mvua imeingia mpaka kitandani. Nilisikia anakohoa nikajiuliza, hivi ninangoja nini? Dawa ya ukuta? Miaka yote hii nimetafuta dawa ya ukuta, na mikono ilikuwa hii hapa." Akaitazama, kama mtu aliyeonyeshwa mikono ya mwingine. "Sikumaanisha vibaya siku ile. Nilitaka apumzike."

"Anajua," nikasema.

"Ninajua," akasema Mayi. "Paka."

Nikavua koti. Niwaambie ukweli, mimi niliyekuwa nikijiita mshirika wa udongo sikuwahi kuugusa kwa mkono mtupu. Nilikuwa na brashi, nilikuwa na patasi, nilikuwa na maneno. Udongo ulikuwa baridi, na kwa mavi ya ng'ombe ulikuwa laini kuliko rangi yoyote niliyowahi kununua. Nikatafuta pa kuukandia. Kulikuwa na ubao mpana chini, wameulaza matopeni, juu yake wanachanganyia. Nikaona kipande cha herufi nyekundu kikitokeza ukingoni. Herufi ya K. Nikatupa konzi ya udongo juu yake, nikaendelea.

Tulipaka mpaka jua likaanza kushuka. Mzee alikuwa mbaya sana katika kazi ile. Mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye, na Mayi hakutuficha. Tulipofika pembeni mwa mlango, akaniambia, "Mwanangu, weka chochote hapo. Ukuta mtupu unatisha." Nikaloweka vidole, nikachora korongo. Shingo, mabawa, mguu mmoja umeinuliwa, na taji kwa ncha za vidole vitatu. Nikarudi nyuma kumtazama. Nilidhani safari hii nimempata.

Mayi akainamisha kichwa, akamwangalia kwa makini.

"Huyu kuku ni mzuri," akasema. "Mwache hapo, atatulindia mlango."

Mzee akaanza kucheka, kile kicheko chake kisicho na mwisho, akijishika ukutani, na alama za viganja vyake zikabaki pale, hakuna aliyezipangusa. Halafu Mayi akainuka. Aliinuka taratibu, akakataa mkono wa kila mtu. Akavuka ua mpaka kibanda chake, akarudi na kigae cha chungu kilichovunjika, ndani yake kaa la moto, amekishika kwa vidole vile vilivyovimba. Akafika kwenye kizingiti. Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akakumbuka kwamba mikono yake ni tope, akaufungua mlango hivyo hivyo. Mayi akavuka, akaingia.

Mzee hakumfuata. Alinawa mikono kwenye ndoo, akanawa uso, akavaa kofia na koti lake la kaki, akalifunga vifungo vyote, akasimama nje ya mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kama mgeni, anangoja. Ndani tulisikia mafiga yanaburutwa, moja, jingine, jingine. Moshi ukaanza kutoka dirishani.

"Baba watoto," sauti ya Mayi ikasema. "Karibu kwangu."

Akavua kofia, akaingia. Mimi sikukaribishwa, na sikutegemea. Nilibaki nje na kuku wangu, machozi yananitoka, nikamwambia yule mwanamke wa kuni aliyekuwa ananitazama kwamba ni moshi.